Zamu Tatu za Munira

Yalitokea mwaka 2024, masika yalipokuwa yameanza na matope ya Korogwe yakifika vifundoni. Ndani ya hema la wagonjwa wa kipindupindu, nyuma ya hospitali, Hosiana alikuwa amepiga magoti, akipitisha tambara chini ya vitanda vyenye tundu katikati. Yeye ndiye aliyechanganya klorini: ndoo ya kijani ya kunawia, ya njano ya sakafu, nyekundu kali ya matapishi na maiti. Ilipobaki vijiko vichache, alimwendea mtunza ghala, Bwana Godfrey.

“Shikamoo, bwana. Klorini imekwisha.”

“Marahaba. Haijaisha. Mapipa manne hayo.”

“Basi nipe moja.”

“Wageni wa mkoa wanakuja Alhamisi ijayo. Wakanyage nini getini, machozi yako?” Alicheka peke yake. “Ongeza maji, mama. Mgonjwa hasomi kipimo.”

Hosiana aliongeza maji.

Kule Kilole alikopanga, wanawake waliondoa ndoo zao bombani alipofika. “Wewe chota mwisho, dada,” mmoja alisema kwa upole. “Sisi tuna watoto.” Mama yake alipofariki Mnyuzi, hakuna jirani aliyebisha hodi kumpa pole. Munira tu, mwenzake wa hemani, ndiye aliyemkumbatia.

“Nenda ukazike. Zamu zako tatu nitazishika.”

“Na saumu hiyo?”

“Saumu haijawahi kunishinda. Utanilipa siku za Idi. Mwaka huu nataka nile pilau nimekaa.”

Hosiana aliondoka mbio kuwahi gari. Habari za ndoo zilizoongezwa maji hakumwambia.

Aliporudi, Munira alikuwa kitanda cha sita, macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mfuaji nguo.

“Nilinawa, Hosi,” alinong’ona. “Kila nilipogusa mgonjwa. Hata ya ndoo nyekundu nilitumia, bila kuionea ngozi huruma. Nilikosea wapi?”

Hosiana alimshika mkono.

Jumatano alasiri mishipa ilikuwa imenywea, dripu hazikuingia tena. Mama yake Munira aliomba auoshe mwili wa mwanawe. Akaambiwa utaratibu hauruhusu. Akausindikiza kwa macho mfuko uliofungwa, akiwa nje ya uzio.

Alhamisi wageni wa mkoa walikanyaga godoro la getini lililolowa klorini hata likawachoma puani. Mmoja alipangusa machozi, akasifu usafi.

Siku ya Idi Hosiana hakupangiwa kazi. Alfajiri alivaa buti, akaingia hemani, akafungua daftari la mahudhurio. Kwenye mstari wa kwanza aliandika jina la Munira, herufi kwa herufi. Bwana Godfrey alichungulia mlangoni akiwa amevaa shati jipya.

“Mama, leo si zamu yako.”

“Si yangu, bwana.”

“Hutalipwa.”

“Najua.”

Akamwaga kijiko cha mwisho cha klorini katika ndoo nyekundu, akaijaza maji hadi ukingoni. Siku ya pili alikuja tena, na ya tatu.