Kampasi Yenye Mnara na Kampasi Jirani na Duka la Matairi

Despina Kouris alikuwa ameshachagua moyoni. Alitaka kampasi ya katikati ya Melbourne, ile kongwe yenye mnara wa saa, ambako ukitoka darasani unaangukia kwenye kahawa, sinema na vijana wenye nywele za kijani. Maisha yake yote alikuwa amebebwa na baba yake: kuingia kanisani, kushuka ufukweni, kupanda kwa shangazi. Sasa alitaka mji, tena auingie kwa kiti chake cha magurudumu bila mtu kumshika makwapa.

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampasi ile ilikuwa imejitembeza mpaka kwenye vituo vya treni, kwa mabango yaliyosema: "Mlango wetu ni wa kila mtu." Jumapili ya kupokea wageni, Despina na baba yake, mzee Stavros, wakafika mapema.

Mlango ulikuwepo kweli, juu ya ngazi za mawe zisizo na haya. Pembeni palikuwa na njia ya mteremko, nzuri, imesakafiwa juzi tu. Juu yake chama cha wanafunzi kilikuwa kimeweka jiko la kuchomea soseji, maana ndipo penye kivuli, na foleni ilikuwa imejaa mteremko mzima. Melbourne unaweza kumtukania mtu timu yake ya mpira akakusamehe, lakini foleni ya soseji haivunjwi.

"Samahani, naomba kupita," Despina akasema.

"Hakuna shida, dada!" akajibu mchomaji, kijana mwenye fulana iliyoandikwa Balozi wa Fursa Sawa. "Panga foleni tu, inaenda haraka. Nikuwekee na vitunguu?"

"Sitaki soseji. Nataka kuingia ndani."

"Aa! Sasa si useme!" Akapiga mluzi. "Wanangu, njooni tumbebe dada!"

Kabla hajakataa, vijana wanne wanaonuka vitunguu walishamnyanyua na kiti chake. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akafuta machozi. Mpiga picha wa chuo akaomba warudie, kwa kuwa jua lilikuwa upande mbaya, basi wakamshusha na kumpandisha tena. Mzee Stavros alisimama chini, akitabasamu mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Umeona watu wenye utu?" akamwambia walipokuwa garini. "Pale hukosi wa kukubeba."

"Na siku ya mvua, soseji hazipo, watu hawapo?"

"Nitakuja mimi."

"Najua, baba. Hilo ndilo linaloniuma."

Mzee akawasha gari. Alikuwa baba mwema, na ubaya ni kwamba alijua kuwa ni mwema.

Kampasi ya pili ilikuwa magharibi mwa jiji, kati ya stesheni na duka la matairi. Mnara haikuwa nao, na majengo yake yalifanana na maboksi ya viatu. Lakini stesheni ilikuwa na lifti, na treni ilikuwa inakwenda kwenye sinema zile zile.

"Usiondoke hapa," mzee akasema, akamshusha mlangoni. "Naegesha gari, nakuja kukuingiza."

Despina akasogea kidogo, kuchungulia tu. Mlango ukafunguka wenyewe. Lifti ikaja. Huko juu mhadhiri mwenye kikohozi alikuwa ameshaanza kuwaeleza wageni kozi.

"Umechelewa," akamwambia bila hata salamu. "Na ukae pembeni, unawaziba wenzio."

Hakuna aliyepiga makofi. Msichana mmoja alimpisha huku akisonya. Despina aliona raha mpaka machozi yakamlenga.

Simu ikatetemeka. Akaipokea kwa kunong'ona.

"Uko wapi, mwanangu? Nimezunguka jengo zima!"

"Ghorofa ya tatu, baba."

"Mungu wangu! Nani amekupandisha?"

"Hakuna mtu."

Alimsikia mzee akipanda ngazi huku akihema.

"Sasa mimi," akasema, sauti imempungua, "nije nikufanyie nini?"

"Njoo ukae, baba. Nimekuwekea nafasi."