Fomu ya Merdi

Kadidja hakumpa wifi yake hata nafasi ya kukaa. Djamila alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye pikipiki mbele ya hospitali, mtoto kifuani, na tayari alikuwa amesimamiwa na kuulizwa swali moja, kwa ile sauti ambayo kule maabara iliwafanya hata madaktari wanafunzi watazame viatu vyao: amempa mtoto nini?

Mtoto alikuwa na siku kumi. Siku tatu zilizopita, kwenye akika, alikuwa amepewa jina la babu wa babu yake, Alfani. Sasa macho yake yalikuwa manjano, na kitambaa chake kilikuwa kimelowa mkojo wa rangi ya chai nzito isiyo na maziwa.

Rangi hiyo Kadidja aliijua vizuri kuliko mtu yeyote Kisangani. Mwaka wa pili sasa kazi yake ilikuwa kuchunguza kwa nini chembe nyekundu za damu zinakufa kabla ya siku zao. Chembe ya mtu mzima huishi karibu miezi minne, ikachakaa, mwili ukaiondoa kimya kimya. Lakini walikuwa wameletewa watoto wachanga tisa ambao chembe zao zilipasuka kwa wingi ndani ya siku mbili tatu. Nusu ya jibu ilikwisha kupatikana: watoto hao walizaliwa na chembe zinazokosa kinga fulani. Chembe za namna hiyo huishi salama mpaka zikutane na kitu cha kuzidhuru.

Kitu gani? Profesa, mkuu wa utafiti huo, alikuwa na jibu lake tangu kabla haujaanza: majani na mizizi ya akina mama. Ndiyo maana fomu aliyoitunga haikumuuliza mama kama alimpa mtoto dawa. Iliuliza, "Ulimpa mtoto dawa gani ya kienyeji?" Na aliyezijaza fomu hizo, moja baada ya nyingine, bila kusita, ni Kadidja.

"Sikumupatia kitu, yaya," Djamila alimwambia, kama mdogo kwa dada yake mkubwa. "Ni maziwa yangu tu."

"Wote wanasema hivyo."

Djamila alianza kulia, na machozi hayo yakamzidishia Kadidja hasira. Alimwambia wifi yake mbele za watu kwamba msichana aliyemaliza shule hakustahili kumnywesha mtoto matope ya mizizi. Kaka yake, baba wa mtoto, yuko Yangambi kikazi, akirudi na boti ataambiwa nini? Daktari aliwatenganisha. Alisema damu ataongezwa, lakini ya aina yake umebaki mfuko mmoja tu. Kama kinachoua chembe bado kiko naye, zake zitaendelea kupasuka na mfuko wa pili hakuna. Kitafutwe leo.

Kadidja alipanda pikipiki hadi Mangobo, nyumbani kwao, akaanza kupekua. Aliinua godoro la mzazi. Alinusa kila sufuria. Alimwaga chini kikapu cha nguo, akafungua hata kopo la chumvi. Shangazi Binti, dada mkubwa wa marehemu baba yake, alikuwa amekaa kwenye kiti chake akimtazama, hatimaye akauliza kama polisi siku hizi wanavaa koti jeupe. Lilikuwa limebaki sanduku la shangazi, Kadidja akalifungua nalo.

Humo ndimo ilimokaa kanzu ya babu, kanzu ndogo nyeupe isiyozidi kiganja na nusu, ambayo kila mvulana wa ukoo huvishwa siku ya kupewa jina na kulala nayo siku saba, pamoja na blanketi lake. Huvishwa ikitoka sandukuni, haifuliwi, maana maji yangeondoa harufu ya wazee. Mahali pake palikuwa wazi. Alfani alikuwa ameivaa. Kadidja mwenyewe alimwona nayo hospitalini, alimwinamia, akamgusa, asishtuke.

Kwenye pembe ya sanduku kulikuwa na pakiti ya vidonge vyeupe vya naftalini, vya kuzuia mende na nondo, mpya, imepasuliwa mdomo. Juu yake uligongwa muhuri wa depo ya Mumbere, duka la jumla la mjini.

Aliiinua puani. Ilikuwa harufu ya Idi. Ilikuwa harufu ya harusi, ya baba akitoka kwenda msikitini, ya koti lake mwenyewe. Alikua ndani yake kiasi kwamba pua yake ilikuwa haihesabu tena kuwa ni harufu. Na jina la Mumbere lilimrudishia sauti ya mwanamke aliyekaa mbele yake mwaka jana na mtoto wa manjano mapajani.

Mwanamke huyo alikuwa Sophie, mke wa Mumbere. Mtoto alikuwa Merdi, wa saba katika orodha. Sophie alisema mtoto hajala kitu, analala tu kule depo, juu ya makartoni ya naftalini, kwa sababu yeye ndiye anayeuza. Fomu haikuwa na mstari wa mahali pa kulala. Kadidja hakuandika. Aliandika kingine, na Merdi alifariki siku ya nne.

Alimpigia Djamila simu.

"Muvue ile kanzu. Umuondolee na blanketi. Umuoshe mwili wote na sabuni, sasa hivi."

"Ile kanzu ya babu?"

"Ndiyo. Haukufanya kosa, Djamila. Ni mimi nilikosea."

Shangazi Binti alisema kanzu hiyo ilivaliwa na baba yake Kadidja na kaka yake na hakuna aliyepata neno. Ni kweli, Kadidja alijibu, wao walikuwa na kinga. Huyu hana. Kisha alilitoa sanduku nje juani.

Mfuko mmoja ulitosha. Siku ya nne mkojo wa Alfani ulikuwa mweupe. Asubuhi hiyo hiyo Kadidja alimwendea Profesa, naye akampongeza kwa ugunduzi, akamwambia aongeze swali la naftalini kuanzia mtoto wa kumi. Fomu zile tisa aziache kama zilivyo, makala yalikwisha kutumwa. Kadidja aliuliza, na mama zao? Profesa alisema mama zao hawasomi makala. Kadidja alivuta faili mezani kwake, akachomoa fomu ya Merdi, akatoka bila kufunga mlango.

Depo ilijaa wateja. Sophie alikuwa nyuma ya meza, amekonda. Tangu msiba, mama mkwe wake hakula tena chakula cha mkono wake. Nakala ya fomu ile ilikuwa imefika mpaka Butembo, kwa ndugu za mumewe. Kadidja aliomba wazungumze pembeni. Sophie alikataa kuondoka mezani, kwa hiyo Kadidja alimweleza papo hapo yote: vidonge, mvuke wake usioonekana, chembe za Merdi, kanzu ya nyumbani kwao. Aliomba radhi. Alisema ataufuta ule mstari na kusaini.

Sophie aliyatazama makartoni yaliyopangwa ukutani, yale yale.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia fasi alikuwa analala."

"Uliniambia."

"Bon. Kabla ya kufuta, soma. Kwa nguvu, Papa Merdi asikie."

Mumbere aliweka chini mzigo aliokuwa akimfungia mteja. Kadidja, ambaye sauti yake ilitisha maabara nzima, alisoma kwa sauti inayokwama: "Mama anakana. Ni wazi alimpa mtoto dawa za kienyeji." Akatoa kalamu.

Sophie aliushika mkono wake wenye kalamu, akaukandamiza juu ya meza.

"Soma tena," alisema.