Jezi ya Sultani Radi

Jumbe, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa na simu nzuri, mdomo mpana na mpiganaji mmoja. Katika mchezo ule wa simu, watano kwa watano, wapiganaji wa kuchagua wamejaa kama dagaa sokoni. Yeye kila siku Sultani Radi, yule mwenye panga la moto. Mtu mzima, ana ndevu, anaringia katuni.

Nyuma yake alifuata Anifa, binti wa muuza vitumbua, akicheza mganga wa kumtibu majeraha. Anifa alijifunza wapiganaji wengi, tena kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Alikuwa akiiota safari ya Arusha: atakayeshinda kati ya Kisarawe na Kibaha ndiye atakayekwenda kuwakilisha mkoa.

"Kaka Jumbe, jifunze na mwingine, japo mmoja."

"Mimi na Sultani ni damu. Wewe dogo tibu tu."

Damu! Ukweli Anifa aliujua. Siku moja ya bahati Jumbe alishinda na Sultani, vijana wakambeba juujuu. Tangu hapo akaogopa kushika mwingine, asije akaonekana hajui. Uoga wake akauita mapenzi.

Mechi ikawa mtaa wa Picha ya Ndege, kulekule Kibaha, kwenye ukumbi wa harusi. Jumbe akaja na jezi aliyoichapisha mwenyewe: kifuani Sultani, mgongoni Sultani. Nahodha wa Kibaha, Dotto, Mnyamwezi, mtani wake, akacheka mpaka akakaa chini.

"Ahsante Mzaramo, umetuletea na picha! Tulikuwa tunajiuliza tumfungie nani."

Maana sheria ndiyo hiyo: kabla ya kuanza, kila timu humfungia mpiganaji mmoja, wenzao wasimchague. Sultani akafungiwa.

Jumbe akatoa macho. "Mtandao unasumbua."

Mtandao! Watu tisa wanaupata, wake tu ndio umekwenda chooni.

"Basi chukua mganga wangu," Anifa akamwambia. "Mimi nitakwenda mbele, wewe nifuate, unitibu."

"Mimi? Nimfuate mwanamke?"

Akaweka simu mezani, akakunja mikono. Wakacheza wanne kwa watano. Anifa alipigana mpaka vidole vikatoka jasho. Kila akijeruhiwa anatazama nyuma, mganga hakuna. Wakafungwa. Safari ikachukuliwa na Kibaha.

Dotto, kwa haki ya utani, akamvua Jumbe ile jezi mbele za watu. Ndani, jamani, kavaa fulana ya Sultani yuleyule!

Juma lililofuata Anifa akaunda timu yake. Jumbe akaja, kanywea.

"Dada, nafasi ipo?"

"Ipo ya mganga."

Akajikuna kichwa. "Na Sultani je?"

Anifa akamtazama kama unavyomtazama mwenye ndevu anayelilia titi.

"Imejaa, kaka. Sogea basi, unatuzibia mwanga."