Skrubu Iliyobaki

Fundi atakayekuapia kwamba hajawahi kubakiwa na skrubu ni mwongo. Mimi ninazo kopo zima, na wateja wakiuliza huwajibu kwamba hiyo ndiyo chai ya fundi. Hucheka, nami hujiona hodari.

Redio ya mawasiliano iliyokuwa mezani ilitoka kwenye lori la shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Lori liliserereka bondeni asubuhi, likambana miguu. Walimpata kesho yake, amekwisha kukata roho. Kituo cha kampuni yake kilimwita redioni mchana kutwa bila kujibiwa. Alasiri wakampa mdogo wangu maikrofoni, huenda angeitika kwa mkewe. Naye kwa hasira akamwambia kama yuko kwa mwanamke, basi akae hukohuko. Ofisi ikaandika kwamba dereva alipuuza redio, labda alikuwa amelewa.

"Kaka, ifungue," aliniambia. "Baba watoto hakuwa mlevi. Nataka wanawe wajue hivyo." Akakaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri.

Niliiunganisha na betri. Ikawaka, sauti za madereva zikaingia. Nikabonyeza kitufe cha kuongea. Redio yangu ya pili haikunasa kitu. Nikafungua kasha. Transista ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi hadi kwenye antena, ilikuwa imeungua mpaka bodi imekuwa nyeusi.

Transista ile haiungui kwa kusikiliza. Huungua kwa kuita. Shemeji alikuwa ameita, tena na tena! Nilifungua mdomo nimpe mdogo wangu habari njema, kisha nikaona kwa nini imeungua. Hubanwa na skrubu mbili kwenye bapa la alumini linalomeza joto lake. Palikuwa na moja tu, na upande wa pili umenyanyuka. Maneno mafupi ya "nimefika, natoka" ingeyamudu. Kuomba msaada saa nzima, hapana.

Mtu wa mwisho kuifungua redio ile ni mimi, mwezi uliopita, huku nikipiga soga na marehemu mwenyewe. Aliiona skrubu mezani. "Shemeji, na hii je?" Nikamwambia hiyo ni chai yangu.

Niliikuta juu kabisa kwenye kopo. Iliingia tunduni bila kulazimishwa.

Ningeweza kuikaza nikanyamaza. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu ingeishia kwenye kile kiti cha wateja. Nikaichomoa, nikamwekea kiganjani.

"Aliita, mdogo wangu. Aliita mpaka ikaungua. Mimi ndiye niliyemkata sauti."

Nilisubiri kofi. Nilisubiri laana, na nilistahili vyote viwili. Yeye hata hakuitazama ile skrubu.

"Na kusikia, Kaka?" aliuliza taratibu. "Alikuwa anasikia?"

Redio ilikuwa bado inawaka. Dereva mmoja akamsalimu mwenzake, sauti safi kama mtu aliye nasi chumbani. Nilinyoosha mkono kuizima, lakini nilikuwa nimechelewa.