Vibanio vya Dada

Jirani yetu tunayemwita Redio, anayefagia ofisi za hoteli, anadai dada yangu alikwenda kwenye usaili akamnyooshea meneja mkono kama ombaomba. "Katikati ya Kiingereza," alisema, kajishika kiuno, "kiganja hicho, juu ya meza. Meneja wa watu akadhani anaombwa nauli."

Uani wote walicheka. Mimi sikucheka, maana mkono ule naujua.

Tunafua nguo za watu. Dada alikuwa akijifunza Kiingereza huku tunaanika: yeye anataja neno, mimi namkabidhi kibanio cha nguo kilichoandikwa kijineno kinachoandamana nalo. Reason, kibanio cha for. Interest, cha in. Solution, cha to. Dada alisema hakuna kanuni, kila neno na mwenzake, kama ndoa za watu. Ukiuliza kwa nini, utazeeka bure. Basi akishataja ananyoosha mkono bila kutazama, nami namtilia. Haikutupitia akilini kwamba mkono nao ulikuwa unajifunza.

Kwa meneja alisema reason, akanyoosha mkono, ukabaki mtupu. Akanyamaza hadi akaambiwa aende.

Leo asubuhi watu wa hoteli wamepiga simu. Wanamtaka tena mchana huu, mara ya mwisho; akishindwa, nafasi ya mapokezi anapewa mwingine. Mama, ambaye mgongo wake umeshalikataa beseni, ameipiga pasi blauzi ya usaili mara ya pili.

Dada alisimama uani na viatu vya kuazima. Nilivitoa vibanio vyote kwenye kamba nikavitia mfukoni mwa aproni, nikamwambia aanze.

"Interest," alisema. Mkono ukatoka. Akauona, akaurudisha mgongoni, akaukamata kwa ule mwingine. "In."

Solution nayo ikapita, ingawa jasho lilimchuruzika. Redio alikuwa ameegemea ukuta, ufagio kwapani. Akashauri tumfunge mikono kwa kamba, si tunazo nyingi.

"Reason," alisema dada.

Midomo ilicheza, sauti haikutoka. Mikono ikaachana, na kile kiganja kikaja mbele yangu.

"Mdogo wangu," alisema taratibu, "nipe hiki kimoja tu."

Nilikuwa nimeshakikamata kile cha for mle mfukoni. Nikamtazama machoni, kiganja sikukitazama, nikasubiri.