Nyuzi Zilizolegezwa Kidogo Tu

Mheshimiwa alirudi likizo kutoka shule ya bweni akiwa na sanduku moja, soksi tano zisizo na wenza, na azimio zito: kujifunza gitaa kabla shule hazijafunguliwa. Cheo hicho cha Mheshimiwa hakukipata kwa kura. Alipewa na shangazi yake, siku alipomwona akitembea uani mikono nyuma, kama mtu anayekagua gwaride la kuku.

Shangazi alikuwa fundi cherehani. Chumba cha mbele kilikuwa karakana, cha nyuma ndimo walimolala watu na vitambaa. Zamani alikuwa akishona huku akiimba, na wateja waliosubiri kibarazani walijua kazi imefika wapi kwa kusikiliza tu: ubeti wa kwanza mguu wa kulia, ubeti wa pili mguu wa kushoto, kiitikio kiunoni. Kisha mwaka jana akapasuliwa uvimbe shingoni. Uvimbe ukaondoka salama, ila uliondoka na noti za juu. Tangu hapo cherehani iliimba peke yake.

Kwaya aliyokuwa akiiongoza ilimngoja, lakini hata subira ina mwisho. Mwalimu wa kwaya alikuwa amempa mpaka Jumamosi aseme: anarudi, au nafasi yake apewe mwingine. Shangazi alijibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu ambaye ameshaona.

Gitaa lilikuwa lake tangu usichana. Alimpa Mheshimiwa pamoja na masomo, huku yeye mwenyewe akipiga pindo.

"Shika G. Hiyo ni kodi ya kwanza."

"Kodi? Shangazi, mimi bado mwanafunzi, sina kipato."

"Acha utani. Noti kadhaa zikilia pamoja ndiyo kodi. Hii ya kwanza ni kwa mama yako. Hapo ndipo wimbo unapolala. Sasa piga C."

Akapiga. C ilitoka na mlio wa kifuniko cha sufuria.

"Hiyo ni ya nne. Nne ni kwangu mimi. Unakula, unashiba, unacheka, lakini unajua si kwenu. D ni ya tano: umesimama mlangoni kwa mama, umeshabisha hodi. Huwezi kukaa hapo siku nzima, lazima ufunguliwe."

Mheshimiwa akapiga D, akaiacha ining'inie. Kweli, hata tumbo lilimwambia bado. Akarudi G, na mabega yakashuka yenyewe.

"Na hii E ndogo?"

"Ya sita. Huyo ni mama yako yule yule, ila leo ameamka vibaya. Sura ni ile ile, salamu tofauti. Sasa zungusha: moja, sita, nne, tano. Nusu ya nyimbo za dunia zimejengwa kwa matofali hayo manne."

Mheshimiwa alizungusha mpaka vidole vikapata malengelenge. Na alipozoea kidogo, Shangazi akajisahau. Akaanza kuimba wimbo wa kwaya yake, polepole, macho kwenye sindano. Ubeti ukaenda vizuri. Kiitikio kikapanda, noti ya juu ikaja, na sauti ikakatika kama uzi mbovu.

Alikohoa. Akakanyaga cherehani kwa nguvu.

"Endelea," alisema. "Mimi nina suruali ya watu."

Sasa, Mheshimiwa alikuwa mtaalamu wa fani moja iliyotambuliwa na bweni zima. Muhula uliopita, kabla ya mkutano wa asubuhi, alililegeza gitaa la kiranja wa muziki, nyuzi zote kwa kipimo kimoja. Kiranja akashika kodi zake zile zile, wimbo wa shule ukatoka chini, na wavulana mia mbili wakaimba kama mafahali wenye mafua. Kwa adhabu Mheshimiwa alifagia bweni wiki mbili, akiwa na furaha tele.

Asubuhi iliyofuata, Shangazi alipokwenda kununua vifungo, Mheshimiwa aliketi na gitaa, akazungusha vishikizo vya kukazia nyuzi. Kidogo tu. Vidole vingekaa mahali pale pale, macho ya Shangazi yangeona G. Masikio yangepewa F, ngazi moja chini.

Aliporudi, mpwa wake alianza kuzungusha zile nne. Shangazi alivumilia mzunguko mmoja, wa pili ukamshinda. Ubeti. Kiitikio. Noti ya juu ikaja, naye akapita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi alilokuwa akilizunguka mwaka mzima.

Cherehani ilisimama. Mteja wa suruali alichungulia dirishani.

"Fundi! Umerudi?"

"Nimerudi," alisema Shangazi, mkono shingoni. Akacheka, akafuta macho kwa kipande cha bitana. "Mheshimiwa, umesikia? Imerudi!" Na kabla mpwa hajapata la kusema, alishampigia simu mwalimu wa kwaya: Jumamosi anakuja, na ataongoza yeye.

Mheshimiwa alibaki amelikumbatia gitaa. Ukumbini kulikuwa na kinanda, na kinanda hakilegezwi mtu akienda kununua vifungo. Mbele ya kwaya nzima, noti ile ingemngoja pale pale alipoiacha. Kule bwenini, mzaha uliisha watu walipocheka. Huu aliyekuwa akicheka ni Shangazi peke yake, wala hakujua anacheka nini.

Angeweza kunyamaza. Alijaribu, na kunyamaza hakukuwa kipaji chake. Ijumaa mchana alimkuta anapiga pasi sare ya kwaya, akiimba chini chini.

"Shangazi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Nyuzi nilizishusha. Zote. Ulikuwa unaimba F."

Pasi ilisimama. Shangazi aliiweka kando, akafungua droo, akatoa filimbi ndogo ya kutolea noti, akapuliza. Kisha akagonga uzi. Vile viwili havikupatana hata kwa heshima.

"Kwa hiyo haijarudi," alisema.

"Haijarudi, Shangazi. Nisamehe."

Hakumfokea. Ingekuwa nafuu angemfokea. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mahali ambapo hakai kamwe, akatazama sare iliyolala mezani bila mtu ndani.

"Lakini niliimba," alisema baadaye.

"Uliimba."

"Wimbo wote."

"Wote. Hata yule wa suruali alisikia."

Kisha alichukua gitaa, akazikaza nyuzi moja moja kwa filimbi, mpaka zikasema kweli.

"Familia ikihama nyumba," alisema taratibu, kama anayejiambia mwenyewe, "mama hageuki shangazi. Moja ni moja, iwe G, iwe F. Haya, shika F. F halisi."

"Ile ya kulaza kidole juu ya nyuzi zote? Shangazi, ile ni adhabu!"

"Naam. Na ya nne yake ni B flati, hiyo ni mbaya zaidi. Anza."

Jumamosi, ukumbini, mwalimu wa kwaya alikunjua mikono juu ya kinanda, tayari kwa G. Shangazi alikuwa amesimama mbele, na nyuma yake Mheshimiwa akiwa na gitaa na vidole vilivyovimba. Kwaya ilitulia.

"Mwalimu," alisema Shangazi, "juu siwezi tena. Nishushie mpaka F."

Minong'ono ilipita kwenye mistari. Mzee mmoja wa sauti ya besi akalalamika kwa sauti: "Na sisi je? Tukaimbie chini ya sakafu?"

"Huko huko, kaka. Mkifika mtusalimie walioko."

Watu wakacheka, mwalimu akasogeza mikono. Mheshimiwa alilaza kidole, akabana kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. F ilitoka na nyuzi mbili bubu, ya tatu ikilalamika. Hakuna aliyeisikia. Shangazi alikuwa ameshaanza.