Breki ya Amito

Okwir aliondoa mguu kwenye pedali, lakini gari lake la Pijo halikuteremka.

Lilikuwa limeelekea chini kwenye mteremko wa Lubaga, gia imetolewa, breki ya mkono imeachiwa. Gari la uzito ule lilipaswa kujiendea. Badala yake lilisimama pale kama mbuzi aliyeshikwa mguu wa nyuma. Okwir aligeuza macho polepole, akatazama kiti cha kushoto.

Hakikuwa na mtu. Mbele yake, kwenye kapeti la mpira, palikuwa na shimo dogo lenye umbo la kisigino.

Mkewe, Amito, ndiye aliyelichimba. Miaka yote waliyosafiri pamoja, kila penye mteremko aliikanyaga sakafu kana kwamba ina pedali.

"Huko hakuna breki, Mama Aciro," Okwir alikuwa akimcheka.

"Na huko kwako ipo?"

Alimwomba aweke breki za diski. Okwir, aliyestaafu udereva wa polisi, alisema zile za zamani, za dramu, zinamtosha anayejua kuendesha. Kisha siku moja ya mvua, hapahapa, pedali ikazama hadi chini na gari likaishia kwenye ua wa mtu. Hakuna aliyeumia. Amito alishuka, akakung'uta gauni lake la gomesi, akatembea hadi nyumbani. Hakupanda tena. Hata asubuhi alipozidiwa na ugonjwa alikwenda hospitali kwa bodaboda, Okwir akimfuata nyuma na gari tupu. Amito hakurudi hai.

Sasa binti yao alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Nipande gari ambalo Mama alilikataa?" Aciro alimwambia. "Badilisha breki, Baba. Ama nitakodi lingine."

Ndipo Okwir alipozing'oa dramu za mbele kwa mikono yake mwenyewe, akafunga diski alizozipata kwa wauza vipuri wa Kisenyi.

Makokha, fundi wa gereji ya jirani, alikuja pale mteremkoni, akainama, akanusa gurudumu.

"Mzee, hii inaungua. Pedi zimekamata."

"Naona."

"Umeacha ile vavu ya zamani ndani ya masta ya breki. Dramu zinataka presha kidogo ibaki kwenye paipu. Diski hazitaki. Ni kama mtu amekanyaga pedali saa zote."

Okwir alikuwa akikitazama kiti cha kushoto. Mikono yake ilikuwa bado kwenye usukani.

"Mzee, umesikia?"

"Nimesikia. Niache nikae kidogo."

"Kaa. Lakini Jumamosi ukienda hivi, watu watadhani umebeba nyama ya muchomo, si bibi harusi."

Alikaa mpaka chuma kikapoa na gari likakubali kusogea. Kule gereji aliifungua masta, ile pampu ya breki, akaitoa vavu: kipande cha mpira na springi, kidogo kama punje ya haragwe. Hakuitupa. Aliifuta mafuta, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akalala chini ya gari kutoa hewa kwenye paipu, Makokha akiwa juu kwenye pedali.

"Kanyaga."

"Nimekanyaga."

"Shikilia. Usiachie."

"Sijaachia, Mzee. Funga basi."

Walipolirudisha mteremkoni, gari liliondoka mara tu alipoinua mguu. Lilikuwa jepesi kiasi cha kumtisha.

Jioni Aciro alikuja kulijaribu. Okwir alimfungulia mlango wa nyuma, kama bibi harusi. Aciro akaupita, akafungua wa mbele, akaketi kushoto. Okwir akaufunga ule wa nyuma, akazunguka hadi kwenye usukani.

"Twende, Baba."

Waliteremka. Katikati ya kilima bodaboda iliyopakia matoke ikachomoka ubavuni, na Okwir akakanyaga. Pijo lilisimama papo hapo, bila kupiga kelele, bila kuvuta upande. Bodaboda ikapita, ndizi zikitikisika.

Aciro alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya lile shimo, kisigino kimeingia sawasawa, umekandamiza.

"Limesimama," alisema kwa sauti ndogo.

"Limesimama."

Aciro hakuuondoa mguu. Okwir aliutazama. Kisha akauinua wa kwake kutoka kwenye pedali, taratibu, akasubiri aone kama gari litaondoka, au mguu ule utalishikilia.